Kituo si lazima kiwe kibwagizo

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Mwalimu wetu huuita mstari wa mwisho wa ubeti kituo, kitabu nilichoazima kinauita kiitikio, na rafiki yangu anashikilia kuwa ni kibwagizo. Tena kila tukihesabu mizani, hesabu yangu hutofautiana na ya wenzangu. Nani yuko sahihi?

JIBU: Wote wamekaribia, ila hawazungumzii jambo lile lile. Tazama ubeti huu, nilioutunga kwa ajili yako:

Mtoto yuko njiani, jua nalo limezama,
Kitabu ki mkononi, macho yake yatazama,
Taa yawaka nyumbani, yamngoja naye mama,
Soma mwana kwa makini, elimu ni jambo jema.

Mshororo wa nne ndio unaofunga ubeti, kwa hiyo ni kituo, hata usiporudiwa popote. Ukirudiwa neno kwa neno katika kila ubeti, kituo hicho kimekuwa kibwagizo, ambacho wengine hukiita kiitikio au mkarara; ukibadilika ubeti hadi ubeti, huitwa kiishio. Ukipewa ubeti mmoja peke yake, kama huu, huna njia ya kujua ni kipi kati ya hivyo, na jibu la salama ni kituo.

Kuhusu mizani, nadhani kinachokupoteza ni sauti m. Tunahesabu silabi, si herufi wala maneno. Neno "mtoto" lina mizani 3, m-to-to, kwa sababu m hapo hutamkwa peke yake. Lakini "nyumbani" nalo lina 3, nyu-mba-ni, kwa sababu m imeshikana na b. Soma mshororo kwa sauti huku ukigonga meza kwa kila silabi, nawe utapata 8 katika ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mshororo, na 8 katika utao, yaani nusu ya pili, jumla 16. Vina, yaani silabi zinazofanana, utavisikia papo hapo: "ni" katikati, "ma" mwishoni.

Naomba tu usimpime kwa kipimo hicho mshairi ambaye hakukusudia kukifuata. Sheikh Kaluta Amri Abedi alichapisha kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954. Miaka 20 baadaye, Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani yenye mashairi huru, yaani yasiyofungwa na sheria hizo. Kuandika kwamba shairi huru "lina kasoro ya mizani" ni kulihukumu kwa sheria isiyolihusu. Uliza badala yake kwa nini mstari umekatwa pale ulipokatwa.

SWALI: Katika insha ya riwaya niliandika, "Mwandishi alimpiga mkewe," nikapunguziwa alama. Riwaya yenyewe inasema "nilimpiga". Kosa langu ni nini?

JIBU: Huyo "mimi" ni msimulizi wa nafsi ya kwanza, yaani mhusika aliyebuniwa kama wahusika wengine, na matendo yake hayawezi kubandikwa kwa aliyeishika kalamu. Katika ushairi sauti hiyo huitwa nafsineni. Mwanamke kijana anaweza kutunga shairi ambalo nafsineni wake ni mvuvi mzee, na hakuna anayedanganywa. Andika basi, "Msimulizi alimpiga mkewe." Jina la mwandishi lilete unapozungumzia uamuzi wa kisanaa, kwa mfano: "Mwandishi amempa msimulizi sura nzima ya kujitetea, ilhali mkewe hasemi neno hata moja."