Kumzuia Alex Gordon besi ya tatu 2014: kocha alikuwa sahihi

Mkuu umesema kocha wa besi ya tatu (anayesimama pale kumwashiria mkimbiaji aende au asimame) wa timu ya besiboli ya Kansas City Royals, Mike Jirschele, aliogopa, kwamba fainali ya 2014 dhidi ya San Francisco Giants angemwachia tu mchezaji wake Gordon akimbilie homu (besi ya mwisho, ukiifika ni ran, yaani pointi) potelea mbali. Nakuelewa, hata mi nilikuwa nasema hivyohivyo mpaka siku nimesimama pale mwenyewe.

Nilikuwa nasaidia timu ya shule moja huku Nkuhungu, na viwanja vyetu Dodoma mnavijua, vumbi, kokoto, mwezi wa saba upepo ndo usiseme. Auti mbili (ya tatu inamaliza zamu ya kupiga), tuko nyuma kwa ran moja, dogo wetu akapiga mpira ukampita mtu wa kushoto ukaenda kuzama kwenye michongoma. Nikamzungushia mkono, kimbia kimbia! Akaguswa na mpira, yaani auti, hatua mbili kabla ya homu, mechi ikaisha, nikasemwa wiki nzima. Ila ile naituma tena hata kesho, maana ili dogo atoke ilibidi yule mtu wa kushoto auchomoe mpira kwenye miiba, amrushie shotistopu (mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu), naye ageuke arushe homu, mdakaji ashike, na kwa watoto wale kila hatua mpira unaponyoka muda wowote. Siku ile tu zote zikakubali.

Sasa nenda Kansas City, mechi ya saba ya fainali, Giants wanaongoza 3-2, zamu ya tisa ambayo ni ya mwisho, auti mbili. Gordon kapiga, Blanco wa Giants kakosea kuuzuia, mpira mpaka ukutani, mwenzake Juan Perez naye ukamcheza mkononi, na hapo ndo wengi mnaposhikilia. Lakini angalieni tena: Gordon anafika besi ya tatu, shotistopu wa Giants, Brandon Crawford, tayari ana mpira na mdakaji wao Buster Posey anamsubiri homu. Bado mita 27. Crawford sio dogo wa Nkuhungu jamani, mrusho ule kwake ni kazi ya kila siku.

Hoja yako kwamba mrushaji wa Giants, Bumgarner, alikuwa hapigiki ni nzito, hilo nakubali na linaniuma, alikuwa kashawatoa wapigaji 14 mfululizo kabla ya Gordon. Kawaida mtu akiwa ya tatu na auti mbili anafunga kama mara moja kwenye nne, kwa Bumgarner wa usiku ule weka pungufu. Bado naona ni kubwa kuliko uwezekano wa Crawford kuharibu, afu mtu akiwa ya tatu hata mpira ukimponyoka Posey ni ran.

Salvador Perez wa Royals akapiga juu, Sandoval wa Giants akadaka, auti ya tatu, basi. Iliwauma Royals, ila Jirschele alivyonyanyua mikono kumsimamisha, na mi ningenyanyua yangu.