Jibu: Kufundisha ndege wawindao kwa vitendo

Mwalimu mwenzangu, umeuliza namna ya kufundisha ndege wawindao hapa Tanga ikiwa shule haina hata picha ya tai. Anza na madonge ya bundi. Bundi humeza panya mzima, na kwa kuwa tumbo lake haliyeyushi mifupa wala manyoya, huyatema yakiwa donge lenye ukubwa wa kidole gumba, ambalo utaliokota chini ya mapaa ya maghala makuukuu ya mkonge. Waeleze wazazi mapema, maana wengi bado wanamwona bundi kuwa ndege wa uchuro, nami huumia sana ninaposikia amepigwa mawe. Yafunge madonge kwa karatasi ya foili, uyaoke dakika 40 katika joto la nyuzi 160, kisha wanafunzi, wakiwa wamevaa glavu, wayachambue kwa sindano. Mwaka jana binti mmoja wa darasa la sita alitoa fuvu lenye urefu wa pingili ya kidole, akaona meno mawili ya mbele ya manjano na pengo kabla ya magego, akatambua mwenyewe kuwa ni panya. Kirukanjia, mnyama mdogo anayefanana na panya, hana pengo hilo, na meno yake yamechongoka.