Kisu kikubwa cha kukunja: kagua bawaba kabla ya bapa

Wengi wakishika kisu cha kukunja dukani, kitu cha kwanza ni kupitisha kidole gumba kwenye makali. Makali hayana habari kubwa. Kisu butu unakinoa jioni moja na kinakata. Lakini kisu chenye bawaba iliyolegea kupita kiasi au loki inayoteleza (kile kishikizo kinachozuia bapa lisijifunge), hata mafundi chuma wa Katwe, Kampala, watakihangaikia bure, na siku loki itakapoachia, bapa la sentimita 10 litarudi juu ya vidole vinne vilivyoshika mpini. Kwa hiyo anza pale bapa linapokutana na mpini. Mengine yote yanafuata.

Kwanza ukubwa, kwa kifupi. Kisu kikubwa cha kubeba kila siku kina bapa la sentimita 9 hadi 10, na mpini wa sentimita 12 hadi 13. Bapa la sentimita 7 linafungua boksi na kumenya chungwa, ila kwenye nanasi la Kayunga halifiki katikati, na kwenye fenesi ni mateso. Ukizidi sentimita 10, mfuko unalalamika na watu pia. Mpini upime kwa mkono wako mwenyewe: kamata kisu kama unavyokamata ukiwa kazini, vidole vyote vinne vikae juu ya mpini. Kidole cha mwisho kikining'inia nje, kisu hicho ni kidogo kwako, hata kama bapa lake ni refu. Uzito usizidi gramu 150, la sivyo suruali itakuwa inashuka upande mmoja.

Sasa loki. Kuna aina nne utakazokutana nazo mara nyingi. Ya kwanza ni loki ya ulimi: bamba jembamba la chuma ndani ya mpini linaruka na kukaa nyuma ya kitako cha bapa. Ya pili ni loki ya mgongoni, unayobonyeza nyuma ya mpini ili kufunga. Ya tatu ni ya pete inayozungushwa, ile ya visu vya Opinel vya Ufaransa, iliyobuniwa mwaka 1955. Ya nne ni pini inayopita kutoka upande hadi upande na kuvutwa nyuma kwa vidole viwili. Kwa anayetumia mkono wa kushoto, chukua ya mgongoni, ya pete au ya pini. Loki ya ulimi kwa kawaida imetengenezwa kwa kidole gumba cha kulia.

Kuna pia visu vya kukunja visivyo na loki yoyote, springi tu inayolishikilia bapa. Hivyo ni vizuri vikiwa vidogo. Kwa bapa la sentimita 9, tusingekushauri.

Mwambie muuzaji, "Ndugu, naomba nikijaribu kwenye mbao," kisha fanya hivi bila haraka. Fungua kisu polepole hadi loki igonge. Unataka mlio mmoja mkavu. Shika mpini kwa mkono mmoja na mgongo wa bapa kwa mwingine, utikise kushoto na kulia, halafu juu na chini. Kucheza kidogo sana kushoto na kulia kunaweza kutibiwa kwa kukaza skrubu ya bawaba, mara nyingi kwa bisibisi ya nyota yenye pembe sita, ya ukubwa wa T8 au T6. Kucheza juu na chini ni habari nyingine: hapo loki yenyewe haikai vizuri, na hakuna skrubu ya kuitibu. Kirudishe.

Kama ni loki ya ulimi, geuza kisu utazame ndani. Ulimi unatakiwa kufunika theluthi moja hadi nusu ya upana wa kitako cha bapa. Ukigusa ukingoni tu, utateleza siku utakapokaza mkono. Ukiwa tayari umefika upande wa pili, kisu kimechakaa, au kilichongwa vibaya tangu kiwandani.

Jaribio la mwisho la loki: fungua kisu, shika mpini ubavuni kwa kiganja na gumba, vidole vyote viwe nje ya njia ya bapa. Weka mgongo wa bapa juu ya mbao na ukandamize, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu zaidi. Loki nzuri haitikisiki. Usigonge kwa kishindo kama tunavyoona wengine wakifanya. Kugonga kunaharibu loki iliyokuwa nzima.

Kisha kifunge na ukitikise, upande bapa linakotokea ukielekea chini. Bapa likichungulia nje, litachungulia hivyo hivyo mfukoni mwako. Angalia pia kwamba ncha imezama kabisa ndani ya mpini na kwamba bapa limekaa katikati bila kusugua ukuta wa upande wowote.

Kuhusu chuma, kuna imani moja sokoni inayowapotosha watu: kwamba sumaku ikinasa, chuma hicho kitashika kutu. Kwa sufuria inaweza kukusaidia. Kwa kisu inakudanganya, kwa sababu chuma cha pua kinachoweza kukazwa kwa moto kikashika makali hunaswa na sumaku. Bapa ambalo sumaku hailigusi kabisa ndilo la kutilia shaka, maana huenda ni laini kama kijiko. Pia neno "Stainless" peke yake kwenye bapa halikuambii kitu. Tafuta jina la chuma chenyewe: 420 ni laini kiasi, kinanoleka upesi na kinapoteza makali upesi, 8Cr13MoV na 12C27 ni vya kati, vinafaa watu wengi, 440C kinakaa na makali zaidi, D2 kinakaa na makali muda mrefu sana ila kinaweza kuota kutu, na kukinoa kwa jiwe la kawaida ni kazi ya subira. Mawimbi yanayong'aa juu ya bapa la bei ya chee mara nyingi ni mchoro tu uliochapwa juu ya chuma.

Chuma cha kaboni ni kitamu kunoa, lakini fikiria unaishi wapi. Ukiwa Entebbe, Jinja au Masaka, karibu na ziwa, unyevu hauishi, na jasho la mfukoni lina chumvi. Halafu kuna matoke. Menya ndizi tano mbichi kwa bapa la kaboni na ulitazame: utomvu umelipaka weusi mithili ya wino, kuanzia makali kwenda juu. Weusi huo hauna madhara, kwa kweli unalinda chuma kidogo, lakini chini yake kutu ya kahawia ikianza, itakula makali. Anayemenya kila siku achukue chuma cha pua. Mwenye kisu cha kaboni akipangusie kitambaa kila baada ya kazi na kukipaka mafuta kidogo.

Fenesi ni adui mwingine kabisa. Ulimbo wake unaingia kwenye bawaba, unakauka, na kesho yake kisu hakifunguki. Kabla ya kukata, paka bapa mafuta ya kupikia, kama unavyopaka mikono. Ulimbo ukishaingia, maji na sabuni peke yake havitautoa: tumia mafuta ya kupikia au mafuta ya taa, fungua na kufunga mara kadhaa mpaka ulainike, kisha osha kwa maji ya moto na sabuni kwa mswaki wa zamani, na ukaushe. Malizia kwa tone moja la mafuta ya cherehani kwenye bawaba. Usiache mafuta ya kupikia humo ndani, yanaganda na kuwa gundi. Na oili chafu ya pikipiki usiiguse kabisa, kwa sababu kisu hicho hicho kitakata embe. Dawa hii ya mswaki, sabuni na tone la mafuta ndiyo pia ya vumbi jekundu la barabara za murram, ambalo linasaga bawaba kama msasa.

Unene wa bapa unawadanganya wengi. Bapa la milimita 4 linaonekana shupavu, lakini kwenye muhogo linapasua badala ya kukata. Milimita 2.5 hadi 3 mgongoni zinatosha. Opinel namba 10 ina bapa la sentimita 10 lenye unene usiofika milimita 2, haifiki gramu 100, na inakata kuliko visu vingi vya bei mara tatu yake. Kasoro yake ni mpini wa mti: msimu wa mvua mti unavimba na bapa linakwama. Okapi, kisu kilichoanza Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya soko la Afrika na sasa kinatengenezwa Afrika Kusini, ni cha kazi na hakina maringo. Ila ni cha kaboni, mpini wake ni wa mti, na mlio wake wa tra-tra-tra ukikifungua ndani ya taksi utafanya abiria wote wageuke.

Meno ya msumeno kwenye makali yanakata kamba vizuri, lakini huwezi kuyanoa kwenye jiwe bapa. Chukua makali laini mwanzo hadi mwisho. Mpini uwe wa plastiki ngumu yenye nyuzi za kioo au kitu kama hicho chenye mikwaruzo. Chuma kitupu kikilowa jasho kinateleza. Na mbele ya mpini pawe na kizuizi cha kidole cha shahada.

Kama kina klipu, kikae kwenye kona ya nyuma ya mfuko, mgongo wa bapa ukiegemea mshono, ili mshono wenyewe uzuie bapa kufunguka. Safari ya basi kwenda Gulu au Mbarara, kitoe mfukoni ukiweke ndani ya begi. Ukikaa saa nyingi kitakuchoma kwenye nyonga.

Kunoa: jiwe la namba 400, lenye chembe kubwa, kwa kisu butu, la namba 1000, lenye chembe laini, kumalizia. Pembe ni rahisi kuipata bila kifaa. Inua mgongo wa bapa kutoka kwenye jiwe kwa theluthi ya upana wa bapa. Bapa la milimita 24, inua milimita 8. Hapo uko karibu na digrii 20. Noa upande mmoja mpaka uhisi kiuzi cha chuma upande wa pili kuanzia kwenye mpini hadi nchani, geuza, rudia, kisha piga mara moja moja kila upande kwa mkono mwepesi. Malizia kwa kuvuta makali kinyumenyume juu ya mkanda wa ngozi, mara 10 kila upande. Kama unampelekea mnoaji mwenye jiwe la kuzunguka, mwombe achovye kisu kwenye maji kila mara. Makali yakigeuka rangi ya bluu, moto umeshayalainisha na yatakuwa yanakunjika.

Usikitumie kufungulia kopo la rangi wala kubandulia kitu. Ncha itavunjika. Kwa mfupa na kuni kuna panga.

Upande wa sheria, Kanuni ya Adhabu ya Uganda inahesabu ni kosa kutembea hadharani na silaha bila sababu halali kwa namna ya kutia watu hofu. Kwa hiyo epuka visu vyenye makali pande mbili, vinavyoruka kwa springi, na vile vyeusi vyenye picha za mafuvu. Havikati embe vizuri zaidi. Usikifungue mbele za watu kwa mbwembwe. Tangu milipuko ya Julai 2010 Kampala, upekuzi kwenye milango ya maduka makubwa na hoteli ni jambo la kawaida. Ukifika, mwambie askari mapema, "Afande, nina kisu cha kazi," ukikitoa kikiwa kimefungwa, mpini ukielekea kwake. Uwanja wa ndege wa Entebbe, kiweke kwenye mzigo unaoingia chini ya ndege kabla hujatoka nyumbani.

Na kufunga loki ya ulimi, ambapo watu wengi hukatwa: sukuma ulimi kwa gumba, anza kukunja bapa kwa mkono wa pili, simama nusu njia, ondoa gumba kwenye njia ya makali, ndipo umalizie.