Anti, nimevuta chi mpaka kichwa kinagonga

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi kijana wa miaka 26, fundi simu, naishi Tabata. Nina kama wiki tatu nafatilia mazoezi ya Kitao, yale yanayotoka kwenye Utao, dini ya zamani ya Wachina, ya kukuza nguvu ya ndani, ile wanaita chi, nimeyaona kwenye video. Jamaa wa video anasema ubane pumzi, ukaze huku chini, alafu uivute chi ipande na uti wa mgongo mpaka utosini kisha ishuke kwa mbele. Siku za mwanzo vidole vilikufa ganzi nikafurahi, nikajua tayari imekubali. Ila sasa kichwa kinagonga, usiku moyo unaenda mbio, usingizi hamna. Mama anasema nimejiingizia pepo, mshkaji wangu anasema nikaze nakaribia kufunguka. Niache au niendelee? Na kama ni kuanza upya naanzia wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Acha. Yaani leo hii, hilo la kubana pumzi na kupandisha kitu kichwani acha kabisa, na kesho asubuhi pita zahanati wakupime presha na mapigo ya moyo kwanza, kabla ya mambo mengine yote. Na ukianza kuskia sauti au kuona watu wanakufatilia hiyo sio kufunguka, hapo nenda hospitali siku hiyohiyo na umwambie daktari ulichokuwa unafanya, usione aibu.

Mshkaji wako anakutakia mema ila hapo kakosea. Hicho ulichokirukia wenyewe wanakiita mzunguko mdogo wa mbinguni, na kwenye mapokeo ya Kitao sio kitu cha wiki ya kwanza, mtu anakifikia akiwa keshatulia mwili na mwalimu anamuona kwa macho. Wachina wana hadi jina la shida yako, tafsiri yake ni kama moto kutoroka na shetani kuingia, kwahiyo mama yako hajaenda mbali sana na wanavyosema wao. Miaka ya 1980 na 1990 mazoezi haya yalivuma mno China, watu walikuwa wanajaa viwanjani kuyafanya, na madaktari huko wakawa wanapokea wagonjwa waliovurugikiwa nayo. Mwaka 1994 hata mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani uliitaja hali hiyo. Sikutishi, nataka ujue hauko peke yako na ukiacha mapema kwa wengi inatulia.

Na ile ganzi ya vidole, nisikilize vizuri. Ukipumua kwa nguvu na haraka kuliko mwili unavyohitaji unatoa kaboni dayoksaidi nyingi kwenye damu, vidole vinakufa ganzi, midomo inachezacheza, kizunguzungu kinakuja. Watu wengi sana wanaishika hiyo wakadhani wameishika chi.

Sasa chi ni nini. Herufi ya Kichina ya zamani ya neno hilo imechorwa mvuke juu, mchele chini. Mimi siku nilipoonyeshwa hiyo ndio nikaelewa, kuliko vitabu vyote nilivyokuwa nimesoma, maana wali naujua. Wazee wa Kitao nao wanaongea hivyohivyo kama watu wa jikoni, tumbo la chini wanaliita chungu, pumzi na fikra ndio moto, na moto upo wa aina mbili, mkali na mpole. Angalia mama anavyopika wali wa nazi, ukishachemka maji yakaanza kukauka anapunguza mkaa chini, anafunika, anapalia mkaa kidogo juu ya mfuniko, anaondoka. Hafunui kila dakika. Ukiacha moto mkali chini unaungua na juu kiini kibaki. We wiki tatu ulikuwa unachochea tu, na chungu chenyewe umekihamishia kichwani.

Kwahiyo unaanza na miguu. Ukishapimwa, na usingizi ukirudi, subiri kama wiki mbili hivi alafu simama tu. Zoezi linaitwa kusimama kama mti. Peku, sakafuni, nyayo upana wa mabega, vidole vya miguu vielekee mbele. Legeza magoti kidogo kama mtu anayetaka kukalia kigoda akaghairi. Kiuno kishuke, kidevu kirudi ndani kidogo, ncha ya ulimi iguse nyuma ya meno ya juu. Mikono inyanyue mbele ya kifua kama umekumbatia ndoo kubwa ya maji, viwiko vining'inie, na mabega, mabega jamani, yashushe, nyie mafundi simu mnaoinamia meza siku nzima mabega yenu yako masikioni. Macho nusu wazi. Pumzi ya puani, usiihesabu, usiibane, iache iende yenyewe. Akili iweke kwenye nyayo, pale kwenye kibonyeo mbele kidogo ya katikati ambapo wao wanapaita chemchemi inayobubujika, au tumboni vidole vitatu chini ya kitovu. Basi.

Anza dakika tatu, kila wiki ongeza moja. Mapaja yatatetemeka, hiyo sawa. Goti likichoma hiyo sio sawa, nyanyuka juu kidogo. Ukimaliza weka viganja vyote viwili chini ya kitovu, tulia kama dakika moja kabla hujashika simu. Mimi miezi miwili ya kwanza sikuskia joto, sikuskia umeme, hamna, ila niliona nimeanza kulala kabla ya saa tano na nikipanda mwendokasi nimebanwa mlangoni sikasiriki kama zamani, kumbe ndio kazi yenyewe ilikuwa inafanyika.

Fanya alfajiri kabla jua la Dar halijakaa vizuri, au jioni kibarazani, ila jipake dawa ya mbu. Baada ya miezi mitatu ongeza baduanjini, yale mazoezi manane yanayojulikana tangu enzi za Song, zaidi ya miaka 800 iliyopita, dakika kama kumi na tano yameisha. La kwanza unanyanyua viganja juu kama unabeba mbingu, la mwisho unapanda kwenye vidole vya miguu na kudondosha visigino mara saba.

Kuhusu mama. Utao ni dini kweli, ina mahekalu na makuhani wake, usimdanganye kwamba hakuna. Ila kusimama na kunyosha mwili sio ibada, huombi kitu wala huchomi ubani, hospitali za China wanawafundisha wagonjwa. Mwite akuone ukifanya, anaweza akasimama na yeye. Na anayekuambia utume laki mbili akufungulie chi kwa simu, mfute.

SWALI: Mama yangu ana miaka 63, ana presha na goti moja bovu. Anaweza haya mambo au nimwache? Binti wa Mbagala.

JIBU: Anaweza mwanangu, muulize tu daktari wake kwanza, na vidonge vya presha asiache hata siku moja. Akae kwenye kiti kigumu, nyayo zote chini, mgongo asiegemee, mikono mapajani. Akinyanyua mikono avute pumzi, akishusha aitoe polepole, asiibane kabisa. Kudondosha visigino aruke, goti halitaki. Na kaa naye, mwenzie akiwepo hatachoka mapema.