Kisu Mkobani: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Sheria za Visu, Nyumbani na Ng'ambo

Barua nne tulizozichagua mwezi huu zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: ni kisu gani mtu anaweza kuwa nacho, na ni wapi anaweza kutembea nacho bila kujitia matatani. Majibu haya yanaeleza sheria kwa jumla. Aliye na kesi mahakamani tayari amwone wakili wake.

Mhariri, mimi ni mpishi mwanagenzi katika hoteli moja ya Westlands, Nairobi. Visu ninavyotumia ni mali yangu, si vya hoteli, na kila usiku hurudi navyo Umoja kwa matatu. Majuzi polisi walinisimamisha karibu na stendi, wakafungua mkoba na kuniuliza nakwenda kumchinja nani. Waliniachilia baada ya kuona kitambulisho changu cha kazi. Mwenzangu jikoni anashikilia kwamba kisu kisichozidi inchi tatu hakina kosa, na kinachozidi hapo ni kosa. Je, ni kweli? – Mpishi, Umoja

Ndugu Mpishi, hizo inchi tatu zipo, ila zipo Uingereza. Kifungu cha 139 cha sheria yao ya makosa ya jinai ya mwaka 1988 kinamkataza mtu kuwa na kitu chochote chenye makali au ncha mahali pa umma pasipo sababu nzuri, kisha kinakisamehe kisu cha mfukoni cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Hata hicho ni lazima kiwe kinakunjika wakati wowote, kwa kuwa mahakama iliamua mwaka 1993 kwamba kisu chenye kufuli ya kuyashikilia makali hakiingii katika msamaha huo, kiwe kifupi namna gani.

Kwetu hakuna rula ya namna hiyo. Ukiisoma Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63 ya Sheria za Kenya, hutaona urefu wa kisu umetajwa, na hakuna leseni inayohitajika ili mtu anunue panga Gikomba au seti ya visu vya jikoni katika duka la River Road. Sheria yetu haiuulizi mkono wako umeshika nini kabla ya kuuliza umekishikia wapi, saa ngapi na kwa nini. Kifungu cha 88 kinamgusa anayetembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kuwatia watu hofu. Kifungu cha 89 ni kikali zaidi: anayebeba silaha ya kushambulia bila udhuru wa maana, katika mazingira yanayofanya ionekane kwamba silaha hiyo imekusudiwa, au imetumika karibuni, kuvuruga utulivu wa umma, anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 7 na kisichozidi 15. Kifungu cha 308 kinatoa adhabu kama hiyo kwa aliyekutwa na silaha ya hatari katika hali inayoonyesha kwamba alikuwa anajiandaa kutenda kosa kubwa la jinai.

Utaona basi kwamba kisu kile kile kinaweza kuwa vitu viwili. Kisu cha kutolea mifupa kilichoingizwa katika mfuko wake ndani ya mkoba wa turubai, mkoba ukafungwa kamba, juu yake kuna aproni yenye madoa ya mchuzi na pembeni kuna kinoo, ni kifaa cha kazi, na askari yeyote mwenye kutaka kuona anaona. Kisu hicho hicho kikichomekwa kiunoni chini ya koti, saa tano za usiku, nje ya baa, hakimu atakusikiliza kwa sikio jingine hata ukiwa na cheti cha upishi. Afrika Kusini, katika sheria yake ya silaha za hatari ya mwaka 2013, imeyaandika wazi mambo ya kupimwa: mahali na saa, mwenendo wa mtu, na jinsi kitu kilivyobebwa au kuonyeshwa. Ningependa nasi tuyaandike vivyo hivyo, maana kwa sasa mengi yanaachiwa askari wa zamu.

Kwa hiyo endelea kubeba visu vyako, lakini viwe vimefungwa, viwe chini kabisa ya mkoba, na usivitoe ndani ya matatu hata kwa kumwonyesha rafiki. Kitambulisho cha kazi kiwe karibu, na umwombe mpishi mkuu akuandikie barua fupi yenye mhuri inayosema kwamba visu ni vyako na kwamba unatoka zamu usiku. Ukikamatwa licha ya hayo, Katiba, ibara ya 49, inakupa haki ya kuelezwa mara moja, kwa lugha unayoielewa, sababu ya kukamatwa, haki ya kunyamaza, na haki ya kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kwisha, isipokuwa muda huo ukiishia nje ya saa za mahakama. Lile swali la kumchinja nani halimo katika sheria yoyote, na hukulazimika kulijibu.

Mimi ni muuguzi. Nikitoka zamu ya usiku hupita njia ya giza kabla ya kufika nyumbani Pipeline, na wenzangu wawili wameporwa hapo. Nimeanza kubeba kisu kidogo katika mfuko wa koti kwa ajili ya kujilinda tu, sina nia ya kumdhuru mtu asiyenigusa. Je, sheria itanielewa? – Muuguzi, Embakasi

Dada, itakuelewa ukijitetea, lakini huenda isikuelewe kwa kujiandaa. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kwamba matumizi ya nguvu katika kujilinda au kulinda mali yatapimwa kwa misingi ya sheria ya mapokeo ya Uingereza, na msingi mkuu hapo ni kwamba nguvu uliyotumia iwe ya lazima na ilingane na hatari iliyokukabili. Ukivamiwa ukashika kilicho karibu nawe, mwavuli au jiwe, unalo la kumwambia hakimu.

Kisu kilichotoka nyumbani nawe ni habari nyingine. Katika kifungu cha 89, silaha ya kushambulia ni kitu chochote kilichotengenezwa au kugeuzwa ili kumjeruhi mtu, na pia kitu chochote ambacho aliye nacho amekikusudia kwa kazi hiyo. Kisu cha kumenyea maembe si silaha ya kushambulia kwa kuzaliwa kwake. Kinakuwa hivyo kwa nia ya mwenyewe. Nawe ukimwambia askari, kwa unyoofu wako wote, kwamba umekibeba ili umchome atakayekuvamia, umempa kwa kinywa chako sehemu ya ushahidi ambayo angepata tabu kuithibitisha. Upande wa mashtaka bado utapaswa kuonyesha yale mazingira ya kuvuruga utulivu, na kwa muuguzi aliyevaa sare si kazi rahisi, lakini ni kesi ambayo hungependa kuijaribu. Uingereza hoja hii imekwisha pingwa mara nyingi: hofu ya jumla kwamba mitaa si salama haihesabiwi huko kuwa sababu nzuri ya kubeba kisu.

Najua kwamba umetaka jibu la kukutuliza, na hili halitulizi. Kuna jambo la pili ambalo si la kisheria, nalo ni kwamba kisu kifupi gizani hunyang'anywa upesi. Muombeni mwajiri wenu, kwa maandishi na kwa pamoja, gari la kuwafikisha wanaotoka zamu usiku. Barua yenye sahihi za wauguzi kumi ni vigumu kuipuuza kuliko malalamiko ya mmoja.

Nauza shanga, rungu na sime katika Soko la Kimaasai. Wageni wananiuliza kama wataruhusiwa kuingia na sime kwao, nami nawajibu kwamba bora waiweke katika begi la chini ya ndege. Je, nawaambia ukweli? – Mchuuzi, katikati ya jiji

Ndugu Mchuuzi, unawaambia nusu, na nusu hiyo ni sahihi: hakuna sime inayoingia na abiria ndani ya ndege, bali hufungwa vizuri katika ala yake na kuwekwa katika mzigo unaokabidhiwa. Nusu iliyobaki inategemea mgeni anatoka wapi, na tatizo liko katika umbo la bidhaa yako. Sime ina makali pande zote mbili, na nchi nyingi huchukulia makali ya pande mbili kuwa alama ya silaha, hata kama wewe unaiuza kama pambo la ukutani lenye ala ya ngozi nyekundu.

Mteja Mjapani ndiye wa kuonywa kwanza. Baada ya mauaji ya Akihabara ya mwaka 2008, ambapo mshambuliaji alitumia jambia, Japani ilibadili sheria yake, na tangu mwaka 2009 kumiliki jambia lenye makali pande mbili la kuanzia sentimita 5.5 ni marufuku kwa kawaida, hata likiwa kabatini. Sime ndogo kabisa unayouza inazidi hapo. Kwa visu vya kawaida, kosa huko ni kutembea na chenye makali yanayozidi sentimita 6 bila sababu halali.

Mjerumani aliyetimiza miaka 18 anaweza kuitundika sebuleni, lakini hawezi kutoka nayo barabarani, kwa kuwa majambia yanahesabiwa miongoni mwa silaha zisizobebwa hadharani. Visu vingine visivyokunjwa hukatazwa kubebwa vikizidi sentimita 12, isipokuwa kwa sababu inayokubalika, na tangu Oktoba 2024 masharti yameongezwa kwenye sherehe za umma na treni za masafa marefu.

Mmarekani muulize jimbo. Texas ilifuta sehemu kubwa ya marufuku zake tarehe 1 Septemba 2017. Mtu mzima sasa anaweza kutembea hata na upanga, ila chenye makali yanayozidi inchi 5.5 hakiingii katika maeneo yaliyotajwa, kama vile shule. California jambia lililofichwa ndani ya nguo ni kosa, ilhali lililoning'inizwa kiunoni waziwazi katika ala linaruhusiwa na sheria ya jimbo. Jiji la New York linakataza kisu cha inchi 4 au zaidi mahali pa umma.

Kama pia unauza panga, mteja wa Melbourne asinunue. Jimbo la Victoria, Australia, limeliweka panga katika orodha ya silaha zilizopigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Septemba 2025, isipokuwa kwa walioruhusiwa, kama wakulima. Chombo ambacho kwetu kila nyumba ya shamba inacho nyuma ya mlango, kule kinahitaji msamaha wa sheria.

Kwa bei unazouza, nadhani ni haki mgeni aambiwe haya kabla ya kulipa, na asiyekuwa na hakika anunue shanga.

Sisi ni Masingasinga wa Parklands. Mwanangu aliyebatizwa huvaa kirpan, kile kisu kifupi cha dini yetu, wakati wote, na sasa amepata nafasi ya chuo Toronto. Je, atalazimika kuivua? – Mama, Parklands

Mama, Kanada ni miongoni mwa nchi zilizolifikiria swali hili kwa kina. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilitengua uamuzi wa shule moja ya Quebec uliomzuia mwanafunzi kuvaa kirpan, ikaona kwamba marufuku ya moja kwa moja inavunja uhuru wa dini, mradi kirpan iwe katika ala na imeshonewa ndani ya nguo kwa usalama. Chuo chake kinaweza kuwa na utaratibu kama huo, na ni vyema aandike barua ya kuuliza kabla ya kuripoti.

Uingereza nako, sheria ile ile ya mwaka 1988 inaitaja dini miongoni mwa sababu zinazokubaliwa. Hapa nyumbani Kanuni ya Adhabu haizungumzii kirpan, lakini ibara ya 32 ya Katiba inalinda uhuru wa ibada na wa kudhihirisha dini, na anayeivaa chini ya nguo kama nyinyi mnavyofanya hayuko katika hali ya kumtia mtu hofu.

Shida itakuwa njiani. Kanada, tangu Novemba 2017, inaruhusu makali yasiyozidi sentimita 6 ndani ya ndege, isipokuwa zinazokwenda Marekani. Kirpan hupita hapo ikiwa ndogo. Lakini safari ya mwanao inaanzia uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, na huenda akabadilisha ndege katika nchi ya tatu ambako atakaguliwa upya kwa kanuni za huko. Kirpan yake ya kawaida aiweke katika mzigo anaoukabidhi, na kama dini haimruhusu kuwa bila alama hiyo hata kwa saa chache, wazee wa gurdwara yenu, yaani hekalu lenu, watamweleza kuhusu ile ndogo isiyo na makali inayovaliwa shingoni, ambayo hata hivyo aiulizie shirika la ndege kwa maandishi na asafiri na jibu lao mkononi.