Mwalimu wa Bahi na Daftari la Nguzo: Namna ya Kufuatilia Uwekaji wa Umeme kwenye Reli ya Kisasa

SWALI: Mhandisi, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu, ninaishi Bahi, na binti yangu ameolewa Manyoni, kwa hiyo karibu kila mwezi ninapanda basi kwenda kumwona. Tangu kipande cha Morogoro hadi Makutupora kilipokuwa kikijengwa nimekuwa nikihesabu nguzo za umeme wa reli na kuziandika kwenye daftari. Sasa nataka kufanya hivyo kwa kipande cha Makutupora hadi Tabora, ila safari hii nifanye kitaalamu. Nina maswali manne. Kwanza, kwa nini tulisikia ujenzi umefika asilimia 90 na zaidi miaka kadhaa kabla ya treni kupita? Pili, je, nguzo zinatosha kunionyesha umeme umefika wapi, au kuna kingine cha kuangalia? Tatu, mbona kwenye kona nguzo zinasogeleana, ni makosa ya mafundi? Mwisho, vijana wanaochunga ng'ombe huku kwetu wanasema ukiona ndege ametua juu ya waya ujue hauna umeme. Wana haki?

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Daftari lako limenifurahisha, na nitakujibu kwa urefu pale panapostahili.

Kuhusu asilimia. Asilimia ya utekelezaji hukokotolewa kwa kuipa kila kazi uzito kulingana na thamani yake katika mkataba, na katika ujenzi wa reli fedha nyingi huzama kwenye tuta, madaraja, makalvati, mahandaki, mataruma na reli zenyewe. Tuchukulie, kama mfano wa ubaoni tu, kwamba kazi zote za umeme na ishara zina uzito wa asilimia 12 ya mkataba. Mkandarasi anaweza kumaliza kila kitu cha ujenzi, asiwe amevuta hata mita moja ya waya, na bado taarifa ikasoma asilimia 88 bila mtu yeyote kudanganya. Kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro, chenye kilomita 205 za njia kuu na 95 za njia za kupishania, kilianza kujengwa mwaka 2017, na mwaka 2021 taarifa zilikwisha kutaja zaidi ya asilimia 90. Hata hivyo kichwa cha treni cha umeme kilifanya safari ya majaribio hadi Morogoro Februari 2024, na abiria wa kulipa nauli walianza kusafiri tarehe 14 Juni 2024. Katika zile asilimia chache za mwisho ndimo ulimokuwa umeme, ishara, mawasiliano na majaribio, na pembeni yake kulikuwa na suala ambalo halimo kabisa katika asilimia ya mkandarasi wa njia, yaani treni zenyewe: seti ya kwanza ya mchongoko, ile treni ya umeme yenye kichwa kilichochongoka, iliwasili nchini Aprili 2024. Kwa hiyo unaposoma asilimia ya kipande cha Makutupora hadi Tabora, ambacho mkataba wake ulisainiwa Desemba 2021 na ambacho kina kilomita 294 za njia kuu, uliza kwanza ni asilimia ya nini. Nikiri kwamba hata sisi wenye taaluma hii tukiona namba moja imesimama peke yake huwa tunaipita.

Kabla sijafika kwenye nguzo, niweke sawa jina moja, kwa sababu limewahi kuwapoteza wengi: Makutupora ya reli ni ile ya wilaya ya Manyoni, mkoani Singida, chini ya mwinuko wa Saranda, wala si Makutupora ya zabibu iliyo kaskazini ya jiji la Dodoma. Wewe unaijua, lakini nimeshaonyeshwa picha za waya "zilizopigwa Makutupora" ambazo zilikuwa za laini ya kawaida ya kwenda kijijini.

Sasa nguzo. Nguzo ni hatua ya pili tu katika kazi ndefu, na ndiyo inayoonekana kwa urahisi zaidi, ndiyo maana inadanganya. Ya kwanza ni msingi wa zege, ambao huchimbwa mara nyingi kabla kokoto hazijakamilika. Nguzo ikishasimama hufungwa mkono, lile bomba linalotoka kwenye nguzo na kuelekea juu ya reli, nao mkono hushikiliwa na vihami, ambavyo mafundi wetu wa umeme huviita vikombe. Kisha huvutwa waya wa juu wa kubebea na, chini yake, waya wa mguso, ambao ndio pantografu, kile kifaa cha juu ya paa la treni kinachochota umeme, inausugua. Nyaya hizo mbili huunganishwa kwa vining'inizi vyembamba vya urefu tofauti, virefu karibu na nguzo na vifupi katikati, ili waya wa juu ulegee kama kamba lakini wa chini ubaki umenyooka sambamba na reli. Hicho ndicho kipimo chako cha kwanza cha kitaalamu: ukiona nyaya mbili zipo lakini wa chini bado unapinda-pinda, andika "umevutwa, haujarekebishwa". Kurekebisha huchukua muda mrefu kuliko kuvuta, kwa maana treni ya kilomita 160 kwa saa haivumilii waya unaopanda na kushuka. Pantografu itaruka, itatoa cheche, na itaula waya.

Tazama pia, ukiwa juu ya daraja la barabara, kama waya wa mguso umekwenda wima juu ya katikati ya njia au unapinda kidogo kushoto kwenye nguzo moja na kulia kwenye nguzo inayofuata. Unatakiwa upinde hivyo, kwa kadiri ya sentimita 20 hivi kila upande, ili usisugue sehemu ileile ya pantografu na kuikata kama msumeno.

Kipimo cha pili utakipenda zaidi, kwa sababu kina hesabu. Katika mifumo mingi, kila baada ya kilomita moja na kitu waya hufika mwisho na kufungwa kwenye nguzo yenye kapi na mzigo wa vipande vizito vilivyopangwa kama sahani zilizorundikwa. Kazi yake ni kuuvuta waya kwa nguvu ileile, jua liwake au baridi ipige. Shaba hurefuka kwa takriban sehemu 17 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Chukua waya wa mita 600 kutoka katikati hadi kwenye mzigo, na tofauti ya nyuzi 20 kati ya alfajiri na saa nane mchana pale Bahi, utapata sentimita 20 za urefu unaoongezeka. Kapi likiwa la uwiano wa moja kwa tatu, mzigo utashuka sentimita 60. Basi ukipita asubuhi ukaona mizigo iko juu, na ukirudi mchana ukaiona imeshuka, waya huo umekwisha kukabidhiwa kwa mzigo wake. Ikiwa haijasogea hata kidogo kwa mwezi mzima, huenda bado imefungwa kwa mnyororo wa muda, na kazi haijafika mwisho.

Hata hayo yote yakiwa tayari, waya usio na chanzo cha umeme ni kamba ya kuanikia nguo. Jambo ambalo wafuatiliaji wengi hawaliangalii kabisa liko mbali na reli. Treni zetu hutumia umeme wa kilovoti 25, na huo hupatikana katika vituo vya kupoza umeme vilivyojengwa kando ya njia, ambavyo navyo hulishwa na njia kubwa za TANESCO, shirika la umeme. Kwa kipande cha kwanza ilibidi ijengwe njia maalumu ya msongo wa kilovoti 220 kutoka Kinyerezi hadi Kingolwira, Morogoro, takriban kilomita 160; bila hiyo, waya uliovutwa vizuri kuanzia Pugu usingewasha hata taa ya behewa. Upande wetu, Dodoma ina kituo kikubwa cha Zuzu, kilicho kwenye ile njia ya kilovoti 400 inayotoka Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga. Lakini tazama ramani: njia hiyo ya umeme inaelekea kaskazini kwenda Singida, ilhali reli kutoka Manyoni inaelekea magharibi, Itigi na kuendelea hadi Tabora. Kadiri reli inavyoachana na gridi, ndivyo swali la nani anapeleka umeme kwenye kila kituo cha kupoza, na amefika wapi, linavyokuwa zito kuliko idadi ya nguzo. Kama ningekuwa na nafasi ya kumuuliza mtu wa mradi swali moja tu, ningeuliza hilo.

Na umeme unaotakiwa si wa kubahatisha. Kutoka kwenye bonde la Bahi hadi Manyoni reli inapanda mamia ya mita. Treni ya mzigo ya tani 1,000 ikipanda mita 300, kuinua uzito wake peke yake, bila msuguano wala upepo, kunahitaji takriban yuniti (kilowati-saa) 820. Zilinganishe na yuniti unazonunua za LUKU. Hitaji hilo linakuja kwa muda mfupi, kisha linatoweka, kisha linarudi treni nyingine ikifika. Ndiyo maana vituo vya kupoza haviwezi kuwekwa mbali sana. Kwa mfumo wa kawaida wa kilovoti 25 huachana kwa kilomita 40 hadi 60. Tena kwa kawaida kila kituo huchota umeme kwenye nyaya mbili tu kati ya tatu za gridi, na kituo kinachofuata huchota kwenye nyaya nyingine ili mzigo usiegemee upande mmoja. Mahali ambapo eneo la kituo kimoja linaishia na la kingine linaanza pana kipande kifupi cha waya kisicho na umeme, ambapo treni hupita kwa kasi iliyokwisha kuwa nayo. Ukisafiri na mchongoko ukasikia kiyoyozi kimenyamaza kwa sekunde chache kisha kikarudi, si hitilafu; umepita hapo.

Kwa hiyo daftari lako liwe na safu zaidi ya ile ya nguzo: msingi, nguzo, mkono na vikombe, waya umevutwa, waya umerekebishwa, mizigo inacheza, kituo cha kupoza kimejengwa, kituo kimefikiwa na njia ya TANESCO. Uongeze na safu ya nyaya za kutuliza, zile zinazounganisha nguzo na reli au ardhi, kwa kuwa umeme unaotoka kituoni hurudi kwa kupitia reli na ardhi, na nguzo isiyounganishwa ni hatari kwa anayeiegemea. Safu hiyo ina tabia mbaya ya kurudi nyuma: nyaya za shaba huibiwa, na sehemu iliyokwisha kupimwa inapaswa kupimwa upya.

Kuhusu kona jibu ni fupi. Waya hauwezi kupinda kama reli. Unakwenda moja kwa moja kutoka nguzo hadi nguzo. Gawanya mraba wa umbali wa nguzo kwa mara nane ya nusu kipenyo cha kona: nguzo zikiachana mita 60 kwenye kona ya mita 1,000, waya utatoka kwenye mstari wa reli kwa sentimita 45, na pantografu inaweza kuukosa, zikiachana mita 40, ni sentimita 20. Mafundi wako sahihi.

Wale vijana wa ng'ombe, hapana, hawana haki, na tafadhali waambie mapema. Ndege aliyetua juu ya waya mmoja hagusi kitu kingine, kwa hiyo umeme hauna njia ya kupitia mwilini mwake. Waya unaweza kuwa na kilovoti 25 kamili naye akajikuna mabawa kwa raha zake. Anayekufa ni yule mkubwa anayetanda kati ya waya na nguzo, na akifa huzima na sehemu nzima ya njia, kwa sababu mitambo ya ulinzi hukata umeme papo hapo. Binadamu anayesimama chini ana miguu ardhini tangu mwanzo. Wala haimlazimu kugusa: umeme wa kiwango hicho huruka hewani, ndiyo maana mtu, fimbo ya kuchungia, bomba la chuma au shehena ya nyasi juu ya lori havitakiwi kuusogelea waya ndani ya mita tatu. Hakuna dalili ya macho wala ya masikio inayomwambia mpita njia kwamba waya umezimwa. Shirika la reli linapokaribia kuwasha sehemu mpya hutangaza kwa wananchi kwamba kuanzia tarehe fulani nyaya zina umeme, na tarehe hiyo ndiyo ya kuandika katika safu ya mwisho ya daftari lako. Baada ya hapo utaanza kuona kichwa cha umeme kikipita polepole bila mabehewa, kisha kwa kasi zaidi, kisha na mabehewa matupu. Mifugo ivushwe kwenye vivuko vya chini ya tuta, na wewe uendelee kuhesabu ukiwa ndani ya basi.