Jibu: Mdogo wangu anaogopa ARV zitamwulia biashara ya dagaa

Salaam ndugu. Nimekuelewa: mdogo wako amekutwa na VVU, anauza dagaa Mwanza, na anataka kuahirisha dawa kwa kuwa siku ya kliniki ni siku bila mauzo.

Mimi natumia ARV na nauza mitumba. Kwanza aulize CTC, yaani kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, kuhusu dawa za miezi mingi. Mwanzoni ataitwa mara kwa mara, hilo ni kweli. Virusi vikishafubaa hupewa za miezi mitatu au hata sita kwa mkupuo, na dawa ni bure. Kinachomaliza mtaji ni kulala wodini, wewe kuacha kazi umuuguze, watoto kukosa ada, na wateja kuhamia meza ya jirani. Nimeona meza nyingi zikifa hivyo, na inauma kwa sababu ilizuilika.

Akimeza kila siku, kipimo cha wingi wa virusi kikaonyesha havionekani na vikabaki hivyo, hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Mume wangu hana VVU. Amani hiyo nyumbani naithamini kuliko faida yoyote ya sokoni.

Kuhusu maneno ya watu: halazimiki kuwaambia wateja, na sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya majibu yake na kukataza unyanyapaa.

Hukusema kama anakohoa. Kama anakohoa, amwambie mhudumu kabla ya kuanza, maana TB hubadili mpangilio wa dawa. Msindikize wiki hii.